Kompyuta Iliyobisha Hodi

Gauni la harusi la binti yangu lilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta haikutaka kunipa.

Sisemi gauni lenyewe. Nasema mchoro wake wa kukatia, vipande kumi na tisa, kazi ya miezi miwili. Binti yangu bega la kushoto limeshuka tangu kuzaliwa, na ombi lake lilikuwa moja tu: siku hiyo watu wamtazame uso, si bega. Mchoro ule ulilificha kabisa. Sasa ilikuwa Jumatano, harusi Jumamosi, bibi harusi yuko safarini hadi Ijumaa jioni, siwezi kumpima upya, nami nimeshika mkasi sijui nianzie wapi.

Kilichonichanganya ni kwamba kompyuta ilikuwa na mfumo mpya. Fundi wa kompyuta aliniwekea mwenyewe, akaapa kuwa ni salama kuliko wa zamani. Nikamwita.

"Virusi vimefunga mafaili yote," alisema.

"Si ulisema mfumo huu ni salama?"

"Ni salama, mama. Ule wa zamani, programu yoyote ikiingia inashika funguo zote za nyumba. Huu, kila programu ina chumba chake. Ikitaka kutoka, lazima ikuombe ruhusa."

"Basi hiyo imetokaje?"

"Imekuomba. Ukaipa."

Nikakumbuka. Juzi mteja aliniletea flashi yenye picha za magauni. Nilipoifungua, kikatokea kisanduku kinauliza kama naruhusu. Nikaruhusu. Kikataka neno la siri. Nikaandika. Ningefanyaje? Kwangu mtu akibisha hodi haachwi mlangoni.

"Ulisoma ilichokuwa inataka?"

"Kwani wewe ukigongewa mlango unadai cheti cha kuzaliwa?"

Akacheka. Mimi nilitamani kumtia sindano.

"Na wifi yangu je?" nilimuuliza. Dada wa mume wangu naye ni mshonaji, mtaa wa pili. Kompyuta yake bado ina ule mfumo wa zamani, ambao fundi huyuhuyu aliuita pakacha linalovuja. "Miaka tisa hiyo, haijapata hata mafua!"

Fundi akajikuna kichwa. "Yule hana intaneti. Na flashi ya mtu haipokei."

"Kwa hiyo mfumo mbovu ndio mzima, na mzuri ndio mgonjwa?"

"Mfumo mzuri unauliza, mama. Anayejibu ni wewe."

Aliondoka akaniacha na kichwa kinachozunguka. Nililipia ulinzi, kumbe mlinzi ni mimi? Sikuelewa, au nilielewa nikaona haya.

Ilibidi niende kwa wifi. Mwezi uliopita nilimpelekea mchoro ule kwenye karatasi, nimringie kidogo. Akaomba abaki nao. Nilimwachia kwa aibu tu, moyoni nikisema huyu anataka kuniibia. Tangu niolewe namwita mkono wa birika, na si mimi peke yangu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Miaka ishirini na sita nagonga mlango ule, na kila siku ni hivyohivyo. Nikajitaja. Nikaingia, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Ninao," alisema. "Nimeuingiza kwenye kompyuta."

Nilikaribia kumbusu. Nikatoa flashi yangu. "Basi nitilie humu."

Akarudisha mikono nyuma kama nimempa kaa la moto. "Hiyo hapana."

"Wifi! Leo hii unanikatalia mimi?"

"Wewe nakuamini. Hiyo sijui imelala wapi."

Nikasimama niondoke. Machozi yalikuwa karibu, ya hasira, na maneno niliyomwandalia yalikuwa mabaya sana. Sikuwahi kuyasema, kwa sababu alikuwa ameshachomoa ufunguo kifuani na kufungua kabati. Alitoa bahasha kubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hesabu kabla hujatoka," alisema.

Vilikuwa vipande kumi na tisa, amevikata upya kwenye karatasi ngumu, kila kimoja na namba yake. Kile cha bega la kushoto alikuwa amekikata mara mbili, endapo kimoja kitapotea. Juu ya bahasha aliandika kwa kalamu nyekundu: *Gauni la mwanangu. Lisiguswe na mtu.*

Nilikaa chini tena. Nikavihesabu kimoja kimoja, kama alivyosema.