Mtoto wa Nne

Wakimbizi walimbandika jina wiki ya kwanza tu: Dada Daftari. Alikuwa amekwenda nchi ya watu kusomea misaada ya kibinadamu, na mwaka wa pili chuo kikampeleka miezi mitatu kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, akusanye maelezo ya utafiti wake. Kituo kilimpokea kwa mikono miwili, maana wakimbizi wengi pale walizungumza lugha ya nyumbani kwao msichana huyu, na wafanyakazi, ukiacha mkalimani mmoja, hawakuijua hata salamu.

Alipewa meza kwenye ukumbi wa mgao, karibu na mizani ya mchele. Kila aliyeketi mbele yake aliahidiwa jambo moja: jina lake halitaandikwa, na maneno yake hayatatoka nje ya daftari.

Aliyemsumbua ni Fundi, mama wa makamo aliyeshona kwa cherehani pale kibarazani, akipunguza na kurefusha nguo za msaada.

"Unamwandikia nani?" Fundi alimuuliza.

"Chuo, mama."

"Na chuo kinamsomea nani?"

Dada Daftari alicheka. Fundi hakucheka. Aliulizwa ana watoto wangapi, akakata uzi kwa meno, akasema watatu. Jumanne iliyofuata alikuja mwenyewe mezani, akainama, akanong'ona kwamba ni wanne. Wa mwisho amemwacha kwa dada yake na atamfuata.

Dada Daftari aliandika chini ya "mshonaji wa kibarazani", akatia alama ya kuuliza. Darasani walifundishwa kwamba wapo wanaoongeza idadi ya watoto ili wapate mgao mkubwa. Tangu siku hiyo akawa anamtazama Fundi kwa jicho la pembeni.

Baada ya wiki moja Fundi akaitwa kwenye dirisha la mgao.

"Fomu yako ina watoto watatu," karani alimwambia kwa kupitia mkalimani. "Huyu wa nne ametoka wapi? Mgao wako umesimama mpaka tuchunguze."

Nilijua tu, Dada Daftari aliwaza mezani kwake, tena kwa furaha kidogo.

Fundi hakubishana na karani. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akaketi.

"Sina mtoto wa nne," alisema polepole. "Nilimzaa kwa mdomo, hapa hapa, Jumanne. Sijamtaja kwa mtu mwingine yeyote. Sasa niambie, amefikaje dirishani?"

Dada Daftari aliinuka kitini. "Mama, haki ya Mungu, sijamwambia mtu."

"Kila anapokuja mwanafunzi kuuliza maswali, watu wanakatwa mgao. Nilitaka kujua tundu liko wapi. Kama si wewe, basi daftari lako lina mdomo."

Fundi aliondoka. Dada Daftari akabaki anawatazama watu ukumbini mmoja mmoja: mfagiaji, mpima mchele, mkalimani. Kila aliyeinua macho, yeye alimwona ndiye mwizi. Kisha akakumbuka mtoto wa meza, ile droo yenye kufuli. Msimamizi wa kituo, mtu mpole asiyekosa utani, ndiye aliyemshauri asitembee na daftari, alifungie pale mezani. Ufunguo mmoja alikuwa nao Dada Daftari mwenyewe. Wa pili ulikaa ofisini.

Alikwenda kumuuliza ana kwa ana. Msimamizi hakukana hata kidogo. Alivuta jalada, akalifungua: nakala za mwandiko wa Dada Daftari, ukurasa baada ya ukurasa, zimepigwa mistari myekundu.

"Mbona umeshtuka? Wewe ni mwenzetu," alisema akitabasamu. "Ulidhani tumekupa meza bure?"

"Niliwaahidi watu."

"Na sisi tuna barua ya kukusainia umalize mafunzo. Tusaidiane, binti."

Siku mbili alipiga hesabu. Bila barua ile, mwaka mzima ungepotea, na nyumbani baba yake alikwisha kuwatangazia majirani kwamba binti anarudi na shahada. Siku ya tatu alimwandikia profesa wake kila kitu. Kisha akachana kurasa za daftari, akazunguka kumrudishia kila mtu zake: watu ishirini na watatu. Wengine walizipokea. Kinyozi wa pale kituoni alikataa zake.

"Nitajuaje kama huna nyingine?"

Na kweli nyingine zilikuwepo, kwenye jalada la msimamizi.

Kabla ya wiki kwisha alifukuzwa kituoni. Mwaka ukapotea kweli. Chuo kiliunda kamati, na mgao wa Fundi ulirudishwa baada ya wiki tano. Familia mbili zilizokatwa mgao kabla yake zilikuwa zimeshaondoka, na hakuna aliyejua zimeelekea wapi.

Profesa alipokuja kituoni kuchukua maelezo ya wakimbizi kwa ajili ya kamati, alimleta Dada Daftari awe mkalimani. Fundi aliwapokea kibarazani, akawapa viti, akamshika msichana mkono kwa muda mrefu.

"Ulifanya vizuri kurudisha zile kurasa," alimwambia. Kisha akamgeukia mwanamke aliyeketi kando yake. "Ila nitasema kwa kinywa cha jirani yangu huyu. Anaijua lugha ya profesa, atanitafsiria. Usinichukie, mwanangu. Wewe kaa nje kwanza."

Dada Daftari alimweleza profesa, akainuka, akaenda kusubiri getini.