Ua la Kitenge

Kikao cha mtaa wetu pale Chang'ombe kilibishana saa nzima juu ya bango moja la kliniki: kushoto mwanamke mwembamba, kulia yuleyule ameongezwa hipsi kwa upasuaji. Wengine walitaka libanduliwe. Daudi muuza soda akasema mwili ni wa mtu, na biashara ni biashara.

Nilikuwa natokota. Binti yangu Angelina, aliyekaa kando yangu, alishapanga kufanyiwa upasuaji huohuo Jumatatu, kabla ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na nilishambembeleza aache mpaka sauti ikakauka.

Nikainuka nikalisogelea bango. Mimi ni fundi cherehani. Kitenge cha yule mwanamke nakijua, niliwashonea kwaya yetu sare; maua yake yote yanalingana. Nikatoa futi shingoni nikapima. Kushoto yalilingana. Kulia, ya kifuani yalikuwa yaleyale, lakini ya kwenye hipsi yametanuka kama chapati.

"Haya, hipsi zimeongezwa na daktari," nikafoka. "Na maua ya kitenge yamefanyiwa upasuaji na nani? Hii picha imevutwa kwenye kompyuta!"

Kikao kizima kikaangua kicheko, Daudi naye. Angelina hakucheka. Akaninyang'anya futi, akayapima maua mwenyewe, mara mbili.

Kisha akaizungusha futi kwenye hipsi zake.

"Andika, mama," akasema. "Gauni la sendofu. Na usiongeze hata inchi."