Kikwembe cha Maua ya Njano

"Yaya Josaphat, kaka yangu, toa foto ya mama. Pasta anangoja."

Arlette alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha michezo ya kompyuta, kilemba cha kilio kichwani. Mama yao alikuwa amefia kwenye kambi ya wakimbizi, mazishi ni leo, na msalaba ulikuwa umeshachongwa. Kilichobaki ni picha ya kubandika juu yake. Na tangu wakimbie Djugu picha ya mama ilikuwa moja tu duniani: ile ambayo kaka yake Josaphat aliihamishia kwenye kompyuta kabla simu ya Arlette haijafa.

Josaphat alifungua dosye zake, yale mafolda ya kompyuta, bila wasiwasi. Huyu alikuwa fundi, usimchezee. Alikuwa akiuvisha upya mchezo wa magari, ili vijana wa Bunia waendeshe kwenye vijiji vyao badala ya miji ya Wazungu. Bati lenye kutu, udongo mwekundu, ukuta wa matofali mabichi, vyote alivikata kwenye picha halisi, maana mchezo haupokei ila kipande kidogo cha mraba. Vipande hivyo ndivyo teksture, nguo za vitu vya mchezo. Kila kimoja kilikaa kwenye dosye yake, kama vyombo vya bibi harusi.

Akatafuta huku, akatafuta kule. Kisha akakumbuka.

Alikuwa ametaka wanawake wa mchezo wavae kikwembe alichovaa mama pichani, kitenge cha maua ya njano. Akakata mraba kifuani, akahifadhi juu ya picha ileile. Hakutoa kopi kwanza. Fundi mzima, jamani, na kosa hilo ndilo alilowafokea wanafunzi wake kila siku.

"Nilikata," alisema. "Nilibakisha kikwembe tu."

"Na sura?"

"Sura haiko tena."

Arlette aliuliza kama mashine haiwezi kuirudisha. Josaphat akajaribu, ingawa jibu alilijua. Haikurudi.

"Miye niko nasahau vile alikuwa anachekaka," Arlette alisema, akavuta kiti. "Basi nionyeshe."

Josaphat akauwasha mchezo. Gari likashika barabara nyekundu. Kando yake walisimama wanawake wenye maua ya njano, wengi, wote na sura moja ya mtu wasiyemjua. Arlette aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho akaachwa nyuma.

"Pita tena," alisema. "Pole pole."