Utepe Kwenye Masale

Watu wa kilimo walipofika Gare, ukungu ulikuwa bado umelalia bonde, na Efrazia aliyaona mavazi yao meupe kabla ya kuona nyuso. Walitembea kwenye mpaka wa shamba lake wakifunga utepe mwekundu kwenye kila mche wa masale, mmea wa kuwekea mipaka. Mche uliofungwa utepe ulikuwa wa kung'olewa na kuchomwa moto.

Mdudu aliyeyavamia masale alikuwa mgeni, mweupe kama unga, hata Kishambaa hakikuwa na jina lake.

"Shikamoo," Efrazia alimwamkia mkuu wao, Bwana Clemence kutoka Lushoto, macho yake chini.

"Marahaba, mama. Tuonyeshe masale yote. Ukibaki mche mmoja tu, mdudu atahamia kwenye mboga, na kutoka hapa haitashuka hata kabichi moja kwenda sokoni Mombo."

Kornelio, mumewe, alitokea akiwa ametoka mashineni kusaga, gunia begani na unga mwili mzima.

"Na huyu naye tumfunge?" alitania kijana wa bomba la dawa. "Mweupe tupu!"

Wakacheka wote. Efrazia hakucheka. Aliwaonyesha masale yote, ila mche mmoja.

Mche huo ulikuwa nyuma ya migomba. Chini yake alilala mtoto wake wa kwanza, binti, aliyefariki kabla ya ubatizo akazikwa bila msalaba na bila jina. Mama mkwe, ambaye naye sasa ni marehemu, ndiye aliyeupanda. "Asiye na jina haitwi," alimwambia. "Nyamaza, apumzike." Efrazia akanyamaza miaka yote. Mche ule ukiondoka, asingejua tena asimame wapi.

Asubuhi iliyofuata alikuta umefungwa utepe.

Aliufungua, akaufungia kwenye pindo la kanga. Kesho yake akakuta utepe mwingine. Huu ulikuwa chini kabisa, karibu na udongo, na fundo lake lilikuwa legevu, kama la mtu anayejifunza kufunga.

"Ni wewe, Baba?" alimwuliza Kornelio.

"Mimi? Huko nyuma nifuate nini?"

Akaufungua na huo, akauweka pamoja na mwenzake. Siku ya tatu ulikuwepo utepe mwingine, na majani ya masale yalikuwa yakitikisika ilhali migomba imetulia tuli. Efrazia akainama. Unga mweupe ulikuwa unatembea, unashuka shinani kuelekea kwenye mboga.

Alikimbia kumwita Bwana Clemence, aliyekuwa bado anakagua mashamba ya jirani.

"Nani kafunga huu?" aliuliza yule bwana. "Tepe zetu ziliisha siku ile ile." Kisha akaliona tuta dogo. Akavua kofia. "Mama, hapa kuna mtu?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

"Esteria," alisema, na masikio yake yalikuwa yanalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. "Msichimbe chini sana. Esteria amelala."

Majani yakatulia.

Waling'oa taratibu, wakachoma mche pamoja na utepe wake. Efrazia akaweka jiwe la kusagia la mama mkwe mahali pale.

Asubuhi alikwenda kutazama. Jiwe lilikuwa tupu, halina utepe. Akashika pindo la kanga alimofungia zile tepe mbili za mwanzo. Fundo lilikuwa limekaza vilevile alivyolifunga, hata akalifungua kwa meno.

Ndani hamkuwa na kitu.