Sura ya Birago

Mzee Twumasi alikuwa na madaftari arobaini na moja ya michoro, na katika yote hayo mke wake hakuwemo.

Aliligundua hilo siku ya nne baada ya Birago kufa, akiwa amekaa sakafuni nyumbani kwao Kumasi, madaftari yamemzunguka pande zote. Enzi hizo simu za kupiga picha zilikuwa hazijaja. Picha ya harusi yao ililiwa na mchwa zamani, wakabakiza viatu na shada la maua, na Birago hakuwa mtu wa kwenda studio. Sasa ukoo wa mke, ambao ndio wenye maiti na wenye msiba, ulikuwa unataka sura ya kuweka kwenye bango. Bila bango lenye sura, mtu anazikwa kama mpita njia.

Kaka yake Birago, Mzee Nkansah, mkuu wa ukoo, alikuwa amelisema waziwazi.

"Shemeji, jeneza ni juu yako, hilo hatuna wasiwasi nalo. Bango ni letu. Ila sura utatoa wewe. Umechora kila mbuzi wa mji huu, dada yangu ndiye atakushinda?"

"Hanishindi."

"Alhamisi asubuhi, basi. Mwenye mashine ya kuchapa anataka siku mbili."

Twumasi alijibu haraka hivyo kwa sababu alikuwa na hakika Birago yumo humo ndani mahali fulani. Angekosaje kuwemo? Miaka yote thelathini na nane ya ndoa walikwenda bustani ya jiji pamoja. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na lango akichora: maharusi na wapambe wao, kwaya ikifanya mazoezi, wazee wakigongesha kete za drafti, mkutano wa madereva wa malori ulioishia kwa ngumi, wanawake wa misibani wakicheza na nguo zao nyekundu na nyeusi. Birago alikaa kushotoni kwake akichoma ndizi na kuuza karanga, na wateja wakipungua anamchongea penseli kwa wembe. Wateja wakizidi, mume alikuwa anasema bila kuinua macho, "Sogea kidogo, unanizibia." Birago anabeba jiko lake la moto, anasogea.

Na kweli alisogea. Twumasi alifungua daftari baada ya daftari, na alichokuta pembeni mwa kurasa ni moshi. Moshi wa jiko aliuchora vizuri sana. Kwenye ukurasa mmoja alikuta kiwiko. Kwenye mwingine alikuta mkono unampa mteja ndizi, na mteja amechorwa mpaka vifungo vya shati.

Akakumbuka kwamba siku moja Birago alimuuliza.

"Mimi utanichora lini?"

"Wewe upo," alimjibu. "Mimi nachora wanaopita."

Jibu hilo alilipenda mno. Alilirudia kwa watu miaka mingi, mwenyewe Birago akisikia, na kila mara Birago alicheka pamoja nao.

Jumatano ikabidi achore kwa kumbukumbu, jambo alilokuwa akilidharau maisha yake yote. Kwake yeye, mchoraji ni anayetazama. Wanaochora bila kutazama aliwaweka kundi moja na Alhassan, yule mtu wa Zongo, mtaa wa wageni, aliyekaa lango la pili la bustani, akiwachora watu kwa masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha. "Yule si mchoraji," alizoea kusema. "Ni mtani aliyeokota penseli."

Binti yao, Dufie, aliyekuja kutoka Takoradi kwa ajili ya msiba, alikuwa akiletewa kila karatasi.

"Huyu nani?" akauliza alipoona ya kwanza.

"Mama yako."

"Baba, huyu si yule mama mwalimu wa kwaya?"

Ya tatu alisema ni shangazi. Ya tano alisema labda, kwa mbali, ukiangalia paji la uso. Ya saba aliishika muda mrefu, akasema, "Huyu simjui," akaingia jikoni na hakurudi.

Ndipo hofu ikamshika Twumasi. Alifumba macho. Kikohozi cha Birago kilikuja, kandambili zake zikaja, harufu ya moshi kwenye kitenge chake ikaja. Uso ukakataa. Alilia usiku ule, na tuseme ukweli, hakuwa akimlilia marehemu. Alijililia mwenyewe, maana alihisi kuna kitu amekifanya kwa miaka mingi na sasa hakifutiki.

Alhamisi asubuhi ukoo ulifika: Mzee Nkansah, mama mdogo wa marehemu, na wengine wawili. Wakaketi uani. Twumasi alikuwa bado anatafuta neno la kuanzia, mara Alhassan akaingia na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alisalimia watu mmoja mmoja kuanzia kulia, kama inavyopaswa, akampa Twumasi pole, akabaki amesimama.

"Nimesikia mnatafuta sura," alisema. "Mimi ninayo. Mzee mwenzangu, usinikasirikie."

Akafungua gazeti. Mama mdogo alitazama mara moja tu, akapiga kelele iliyowatoa majirani ndani. "Birago! Birago wee, umekuja mwanangu!" Mzee Nkansah alijifuta macho kwa ncha ya vazi lake. Dufie alipiga magoti mbele ya karatasi ile.

Haikuwa na utani wowote. Alikuwa mwanamke anayetabasamu nusu, macho yake yanatazama pembeni.

"Alikuja mwaka jana," Alhassan akaeleza. "Nikamwambia, mama, nitazame mimi. Hataki. Anaangalia kule ng'ambo, kwako. Nikamwacha hivyo hivyo. Alinilipa ndizi. Akasema nimwekee, maana akija nayo nyumbani utachukia."

Twumasi aliisogelea. Aliitazama kama anavyotazama kazi ya mtu mwingine, akitafuta kosa, na akalipata. Moyo ukamtulia kidogo.

"Umekosea hapa," alisema, akiweka kidole. "Umemtoa jino. Birago alikuwa na meno yote."

Mama mdogo alimgeukia Dufie.

"Baba," Dufie alisema polepole. "Hilo jino aling'oa mwaka juzi."

"Nani kakwambia?"

"Aliniandikia. Shavu lilivimba, wiki nzima akawa anakunywa uji tu. Mbele yako, Baba. Mnakula meza moja."

Alhassan aliangalia chini. Mzee Nkansah ndiye aliyeinuka, akaichukua ile picha. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kumsitiri shemeji yake.

"Chini tutaandika imechorwa na mumewe," alisema. "La sivyo watu wataulizana. Alhassan, unasemaje?"

"Andikeni," Alhassan akasema.

Twumasi angeweza kukataa. Hakufungua mdomo.

Jumamosi bango lilikuwa kwenye kila nguzo, na kubwa kuliko yote lilisimama bustanini, ambako watu walikaa msiba baada ya mazishi. Ngoma ililia, viti vilijaa. Watu walipanga foleni kumshika mkono Twumasi, na wengi hawakumsifu marehemu, walimsifu yeye. Yule mwalimu wa kwaya aliushikilia mkono wake kwa mikono miwili.

"Mzee, ulimpenda," alimwambia. "Mtu hachori macho kama yale kwa ujuzi tu. Hebu niambie, alikukalia umchore siku ngapi?"

"Miaka thelathini na nane."

Mwanamke yule akacheka, akampiga begani, akawaita wenzake waje wasikie jinsi mzee anavyoweza kutania hata siku kama ya leo.

Walipomwacha, Twumasi aliligeukia bango. Akalitazama jioni nzima, paji, pua, pengo la jino, akijifunza sura ya mkewe. Kisha akafumba macho, ajipime kama ameishika. Ikaja penseli ya Alhassan, mstari kwa mstari. Birago hakuja.