Mashine Isiyolia

Muuzaji aliishika kwa vidole viwili tu, kama daftari la shule, akaiinua juu ya kichwa chake. "Mama, hii ukiitia mkobani utasahau kama umeibeba. Gramu mia tisa. Hata kilo haifiki!"

Mama Nukta hakutaka habari za kilo. Alivaa miwani, akafungua mfuniko, akatazama kioo kidogo na vitufe vilivyobanana kama meno ya mtoto. Akauliza swali moja. "Inalia?"

"Inalia vipi?"

"Ukipiga. Vitufe vinalia?"

Muuzaji akacheka, akavibonyeza vyote kwa kiganja. Kimya. Haikuwa na hata feni ndani yake. Mama Nukta akasema basi, ifunge, naichukua, wala hakubishana bei. Muuzaji alibaki na maneno yake mdomoni, maana alikuwa amejiandaa kwa vita.

Jina hilo la Mama Nukta alipewa mahakamani, alikokuwa mwandishi wa kumbukumbu kwa miaka ishirini na mitatu. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Umama ulikuwa wa heshima tu, na nukta ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta ameisahau. Shahidi akikohoa, aliandika: anakohoa. Wakili akitukana kwa kunong'ona, aliandika tusi lote na herufi zake. Hakimu mmoja aliwahi kumwomba alainishe sentensi, akamjibu, "Mheshimiwa, mimi naandika kilichosemwa. Kilichofaa kusemwa sina kitufe chake." Na wakili akija kulia kwamba shahidi alitamka hili na lile, yeye hufungua jalada, hutazama, kisha humwambia, "Kama hakimo, hakikusemwa." Watu walimwogopa, na yeye alipenda kuogopwa.

Nyumbani hakuna aliyemwogopa. Nyumbani kulikuwa na baba yake.

Mzee huyu watu wote walimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini, na mikononi mwake wametoka wakubwa wa kila aina, wote wakiwa wameonja ulimi wake. Alikuwa na ulimi, yule mzee, acha! Mtoto mnene alimwita gunia, mwenye kigugumizi alimwita redio mbovu, darasa zima likacheka, na gunia naye akacheka, angefanyaje? Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga wa dirisha na basi. Miguu nayo ilikuwa imegoma. Ni Mama Nukta aliyemwogesha, akamlisha, akamkata kucha, miaka kumi na mmoja, asubuhi kabla ya kazi na alasiri baada ya kazi.

Alasiri ndipo walipoandika kitabu. Mwalimu alisimulia maisha yake, binti akapiga. Walianza na taipureta ya chuma, lakini utepe wake ulikuwa haupatikani tena, kiwanda cha uchapaji kilitaka faili na si makaratasi, na Mwalimu alilalamika kila siku kwamba kelele zinampasua kichwa. "Unapiga au unatwanga?" Kwa hiyo kile kidude kilinunuliwa kwa ajili ya kichwa cha Baba. Hilo mliweke akilini.

Alipomwekea mapajani akipapase, mzee alikipitishia vidole pande zote, akakirudisha.

"Nini hiki? Kioo cha kujipakia poda?"

"Ni kompyuta, Baba. Ya kupakata."

"Aa. Wenzako wamepakata watoto, wewe umezeeka unapakata bati."

Mama Nukta akacheka. Alikuwa amefundishwa kucheka tangu utotoni, sawa na wale wa darasani.

Wiki ya kwanza kidude kilimtesa. Vidole vyake vilizoea chuma. Hapa akigusa A, na S inaingia bila kuitwa. Kilikuwa na tundu moja tu, ukikichaji huwezi kuchomeka kitu kingine, na siku moja nusura akikalie kitandani, kilivyo chembamba. Lakini mkono ukazoea, na mapenzi yakaja. Alikishonea mfuko kutoka kwenye koti lake la zamani. Alikibeba mkobani baina ya mkate na mwavuli, akakifuta kwa kitambaa cha miwani, na wenzake ofisini walipomtania kwamba amejifungua, alijibu ndiyo, tena wangu halii.

Jambo moja tu lilibadilika chumbani. Zamani Mwalimu alijua kwa masikio: taipureta ikilia, anaandikwa, ikinyamaza, haandikwi. Sasa hakusikia kitu. Ikawa kila mara anauliza.

"Upo?"

"Nipo, Baba."

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Naye humsomea sentensi za mwisho bila kukosea hata neno. Masikio ya mahakamani hayasahau. Angeweza kuzisoma hata amefumba macho. Mzee akaridhika, na alipozoea akawa anazungumza tu, kama mtu aliye peke yake.

Kilichokuwa kinamla Mama Nukta moyoni ni kimoja. Sura ya kumi iliitwa Watoto Wangu. Kaka yake mkubwa, meneja wa kampuni ya bima, alipata kurasa kumi na nne. Mdogo wao, daktari wa meno aliyehamia mbali na kupiga simu mara mbili kwa mwaka, alipata tisa. Yeye wa katikati alikuwa anangoja zamu yake. Kujiandika mwenyewe kungemshinda nini? Mzee haoni. Angejiongezea ukurasa, au nusu, au mstari. Thubutu! Hakuwahi kuandika neno ambalo halikusemwa. Alitaka Baba aliseme, yeye alisikie, aliandike. Mstari mmoja ungemtosha, jamani. Mmoja.

Siku sura inakwisha, Meneja alikuja kumjulia hali mzee. Mama Nukta alikuwa kwenye kigoda chake kando ya kitanda, kidude magotini. Kaka alimpita bila salamu, akaketi upande wa pili, na mzee akamjulisha yaliyomo katika Watoto Wangu.

"Baba, mbona watoto wameishia wawili?" akauliza, huku akimtazama dada yake usoni na kutabasamu.

"Kwani ninao wangapi?"

"Na huyu wa hapa nyumbani?"

"Yule?" Mwalimu akajigeuza kwenye mito. "Yule ni samani. Umewahi kuona mtu akaandika maisha yake akataja kabati? Kabati unalifungua, unatoa shati, unalifunga. Basi."

Meneja alicheka mpaka akapaliwa.

Mama Nukta alitazama kioo. Maneno yote yalikuwa pale, kabati, shati, alama za kuuliza, na mwisho wake: Meneja anacheka, anakohoa. Vidole vilikuwa vimetangulia, ndivyo vilivyozoeshwa. Macho yakafuata, na moyo ukafika nyuma ya wote. Kisha akaweka nukta.

Hakufuta. Alijiambia ni kanuni ya kazi. Uongo mtupu! Ilikuwa ni hasira. Wacha wasome, alisema moyoni. Wacha wanafunzi wake wasome anavyomnena mtoto anayemwosha uchafu wake, wamwonee haya. Meneja alichukua faili, akasoma kurasa zake kumi na nne tu, akalipeleka kiwandani kama lilivyo.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa shule, viti vimejaa mpaka mlangoni. Mama Nukta alisukuma kiti cha magurudumu cha baba yake hadi mbele, akasimama nyuma yake. Aliyepewa kusoma ni yule gunia wa zamani, sasa mhandisi wa barabara na tumbo lake bado analo. Akachagua Watoto Wangu. Akasoma ya Meneja, akasoma ya daktari wa meno, akageuza ukurasa, akaanza kusoma polepole kama mtu anayekanyaga mahali penye utelezi. "Yule ni samani..." Akaendelea mpaka kwenye shati.

Ukumbi ukatulia tuli. Mama Nukta akashika mikono ya kile kiti. Sasa, alijiambia. Sasa ndiyo sasa.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Walicheka! Walicheka kwa kupiga meza, kwa kushikana mabega. "Mwalimu ni yule yule!" "Ulimi haujazeeka!" Mhandisi alifuta machozi, akaombwa arudie pale pa kabati, akarudia. Mwalimu mwanzoni alikuwa ameshtuka, maana hakujua kama iliandikwa. Aliposikia kicheko kimemzunguka kama siku za darasani, akainua mkono akawapungia. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Yuko wapi huyo samani tumwone?" Meneja akamwonyesha kwa kidole. Wakampigia makofi. Mama mmoja akamsogezea nakala yake na kalamu. "Kabati, hebu nitilie sahihi hapa."

Na yeye, mnajua alifanya nini? Alicheka. Alitia sahihi.

Njiani kurudi, Mwalimu alikuwa na furaha isiyo kifani. "Ile ya kabati umefanya la maana kuiandika. Kesho tunaanza kitabu cha pili."

Kesho yake alasiri Mama Nukta alimwogesha, akamlisha, akaketi kwenye kigoda, akakifungua kidude, akaweka vidole juu ya vitufe. Mwalimu akaanza. Vidole havikusogea. Mzee akasema nusu saa nzima, binti amekaa tu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Soma."

Akamsomea neno kwa neno, macho yakiwa kwenye kioo kitupu. Mzee akaridhika.

Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka na miezi. Mwalimu alisimulia kila alasiri, na binti alikipakata kidude akicheza karata juu ya kioo chake, sikio moja likiwa kwa mzee. Mchezo nao haukulia. Na jamani, safari hii mzee alisimulia kweli! Alieleza mkewe alivyokufa, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alimwomba radhi yule mtoto wa kigugumizi, kwa jina. Siku moja alilia. Yote yalipita dirishani. Meneja akipiga simu, mzee alijigamba, "Hiki kitakuwa kinene kuliko kile." Mama Nukta husikia hayo akamwekea mto sawa, na tumboni anahisi utamu. Ndiyo, utamu. Asante ya punda ni mateke, na punda huyu alikuwa amejifunza kupiga teke bila kunyanyua mguu.

Kisha mzee akaanza kuisha. Sauti ikawa nyembamba, chakula kikamkataa. Jumatatu moja akamwita.

"Upo?"

"Nipo, Baba."

"Andika." Akapumzika. "Nina watoto watatu. Mmoja wao nilimwita samani, watu wakacheka, nami nikacheka. Huyo ndiye aliyenibeba. Wengine wamenitembelea, yeye amenibeba. Sikumshukuru hata siku moja, kwa sababu nilijua ningeanza kushukuru ningelia, na mimi sikutaka kulia mbele ya mtoto." Akapumzika tena. "Jina lake uliandike kamili. Yote matatu, na la mama yake uongeze."

Kidude kilikuwa magotini. Chaji imejaa, karata zimepangwa nusu. Alizifunga, akafungua ukurasa mweupe. Vidole vile vile vilivyoandika kikohozi cha kila shahidi, vilivyotangulia siku ya kabati, vilikuwa juu ya vitufe. Alivitazama. Alingoja vitangulie. Mara hii havikutangulia, naye hakuvisukuma.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Soma."

Akasoma. Watoto watatu, samani, kicheko, aliyenibeba, yote, mpaka majina yake matatu na la mama yake. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa juu ya mto kama mwalimu anayeridhika na imla.

Alikufa Alhamisi. Jumamosi Meneja alikuja kuchukua faili. Alikipekua kile kidude, mkono huku na huku, jasho likamtoka.

"Hamna kitu humu. Mwaka mzima! Baba alikuwa anasema nini?"

"Mengi."

"Yako wapi?"

"Sikuandika."

Kaka akamkodolea macho. Mama Nukta alikuwa amekitamani kitambo kirefu kidonge cha kumpa, akampa. "Alinitaja. Alisema ninyi mlimtembelea, mimi nilimbeba. Alisema jina langu liandikwe lote."

Meneja alikitazama tena kile kioo kitupu. Halafu tabasamu lile lile likamrudia usoni, polepole.

"Dada," akasema, "si wewe ndiye uliyekuwa ukituringia na mahakama yako? Kama hakimo, hakikusemwa." Akakifunga kidude, akamrushia mapajani. "Basi hakusema."

Mama Nukta alikidaka kisianguke. Kaka alikuwa amekwisha kutoka, gari limeshawaka nje. Yeye akakifungua tena, akaweka vidole juu ya vitufe ili aandike maneno ya Baba, maana aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Aliandika: Nina watoto watatu. Akaitazama ile sentensi. Ilikuwa na sura ya kitu alichokitunga mwenyewe, akaifuta.