Kilomita ya Ishirini na Nane

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, shemeji yake fundi aliingiza gari kwenye karakana, na vioo vyote vinne vilikuwa vimefungwa. Jua lilishakuwa kali. Gari lile halikuwa na kipoza hewa. Fundi ndiye aliyekitoa, ili kupunguza uzito. Shemeji huyo, mjane wa kaka yake fundi, alishuka akiwa amelowa jasho mgongoni, akashika ukingo wa mlango, akangoja dunia itulie.

Mpiga rangi wa banda la jirani alichungulia. "Nimesikia mtaa unatetemeka, nikadhani treni imepotea njia. Kumbe ni gari la urithi."

"Na wewe ukipaka mlango mmoja tunapiga chafya mpaka Ijumaa," shemeji akamjibu. Kisha akamgeukia fundi. "Niangalizie breki, shemeji. Mengine uyaache."

"Mengine yapi?"

"Yote."

Fundi alimtazama usoni. Alikuwa mwanamke wa ulimi mwepesi, lakini asubuhi ile alikuwa akitafuta maneno kama mtu anayetafuta chenji gizani.

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu nianze kuliendesha."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hakiumi. Nyumbani hakuna kitu." Alikaa kwenye kigoda. "Nikikwambia jambo hutanicheka?"

"Sicheki."

"Kaka yako anaongea. Nikipita kituo cha mafuta cha pili, kilomita ya ishirini na nane kutoka hapa. Si kila siku. Nikifungua kioo anakata."

"Anasema nini?"

"Mambo yake tu. Punguza gia. Mkate umeisha. Juzi kaniambia nimependeza, uongo wake uleule."

Fundi hakucheka. Alikwenda kabatini akachukua mita ya kupimia gesi ya sumu.

Gari lilikuwa la kaka mtu, la mashindano, limefumuliwa na kuundwa upya mara tatu. Miaka miwili iliyopita walilitoa masega, kile chungu cha chuma kwenye bomba la moshi, chenye vitundu kama sega la nyuki, ambacho kazi yake ni kuunguza gesi ya sumu kabla haijatoka nje. Fundi alikataa wiki nzima. "Gari lenye masega," kaka mtu alimwambia, "ni mkimbiaji aliyefungwa kitambaa mdomoni. Wewe ungemfanyia mwanariadha hivyo?" Mkubwa akakata, mdogo, yaani fundi, akachomelea bomba tupu mahali pake. Miezi minane iliyopita mkubwa alifariki nyumbani, kwenye kiti, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Daktari aliandika moyo.

Fundi alimpa shemeji maji, akamwambia asitoke pale penye hewa, akaondoka peke yake. Alifunga vioo vyote. Mita aliiweka kwenye kiti cha abiria. Kwenye kilomita ya kumi mita ilisoma sitini. Ya ishirini, mia na thelathini. Alipopita kituo cha mafuta cha pili alisikia maneno mawili nyuma ya sikio lake la kulia, kwa sauti ya kaka yake, kwa namna ile aliyokuwa akiuliza jambo ambalo jibu lake tayari analo. Aliangalia mita: mia mbili na kumi na mbili.

Alifungua vioo vyote, akaegesha, akakaa nje dakika kumi na moja. Kwenye daftari aliandika namba. Yale maneno hakuyaandika.

Alirudi na vioo vikiwa chini, akaliweka gari juu ya shimo, akashuka na taa. Kiungo cha pili cha bomba kilikuwa na ufa mrefu kama ukucha. Kutoka kwenye ufa, mstari wa masizi ulipanda hadi kwenye tundu la sakafu, pale yeye mwenyewe alipopitisha waya wa vipimo vya dashibodi. Mpira wa kuziba tundu ulishadondoka. Kwa mafundi wengi magamba ya kuchomelea, yale mawimbi ya chuma kilichoyeyuka, huinamia kulia. Haya yaliinamia kushoto. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na pale karakanani hakukuwa na mwingine.

Ana desturi moja asiyoiacha. Akishachomelea bomba, huziba mdomo wa bomba hilo kwa tambara, huwasha injini, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Palipo na tundu, povu huchemka. Siku ile walipotoa masega, ndoo ilikuwa tayari mkononi. Kaka mtu alikuwa ameshaingia kwenye usukani. "Sabuni ni ya kuogea, bwana. Toa hilo tambara, tulisikie." Fundi akaliondoa tambara, akaweka ndoo chini. Gari likanguruma, wakacheka wote wawili, na ndoo ikabaki palepale hadi povu likafa.

Mwaka wake wa mwisho kaka mtu alibadilisha miwani mara mbili kwa sababu ya kuumwa kichwa.

Fundi alipanda kutoka shimoni, akamrudishia shemeji ufunguo na kumweleza: gesi inaingia ndani, haina harufu, na ikimzidi mtu kichwani anaweza kusikia yasiyokuwepo. "Ikizidi zaidi hasikii tena kitu. Na wewe leo utapita hospitali."

"Kwa hiyo ukiziba, atanyamaza."

"Ndiyo."

"Basi usizibe. Nitaliendesha mara moja kwa wiki."

"Shemeji."

"Mara moja kwa mwezi. Na kioo nitaacha wazi hivi." Alionyesha upana wa kidole.

"Hata mara moja."

"Umeshamzika mara moja, shemeji. Unataka tumzike tena?"

Fundi aliingia stoo, akatoka na gunia zito, akaliweka miguuni pa shemeji. Ndani yalikuwa masega ya awali, yamepakwa grisi yasishike kutu. Juu ya gunia kaka mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa herufi zake zilizolala: NITARUDISHA NIKIZEEKA.

Shemeji aliyasoma maneno yale kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Kisha alitoa ufunguo kwenye mkoba, akampa tena fundi.

Kazi ilichukua saa nne na nusu. Fundi alikata bomba tupu, akarudisha masega, akaweka mpira mpya kwenye tundu la sakafu. Aliziba mdomo wa bomba kwa tambara, akapaka sabuni kila kiungo mara tatu. Povu lilikaa kimya.

Saa tisa alasiri waliondoka pamoja, yeye kwenye usukani, shemeji na mita mapajani. Vioo vilifungwa, shemeji ndiye aliyetaka. Injini sasa ilikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa ndani. Kilomita ya kumi, sifuri. Ya ishirini, sifuri. Walipita kituo cha mafuta cha pili, na shemeji akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Rudi tena," alisema.

Walirudi, wakapita tena. Mara ya tatu wakaenda hadi kilomita ya arobaini.

"Amenyamaza," alisema.

Fundi aliegesha kando ya barabara, injini ikiwaka. Mita ilisoma sifuri.

"Asubuhi ulipokuja peke yako, ulimsikia?"

"Mita ilikuwa mia mbili na kumi na mbili."

"Sijauliza mita, shemeji."

Neno "hapana" lilikuwa jepesi, na hakuna ambaye angelipinga. "Nilimsikia," alisema.

"Alisemaje?"

"'Umepaka sabuni?'"

Shemeji aligeuka kumtazama. Fundi akamweleza: tambara, ndoo, povu, ufa wa kiungo cha pili, magamba yanayoinamia kushoto. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wateja, hakuruka hatua. Mwishoni akataja miwani.

"Na siku ile ulipaka?"

"Hapana."

Lori lilipita, gari likayumba kidogo. Shemeji aliizima mita, akaiweka juu ya dashibodi. Saa kumi na dakika mbili alishusha hadi mwisho kioo cha upande wake, kile alichokuwa akikifunga apate kumsikia mumewe.